Kaka yangu amesaini, pesa zipo, mbona mume wangu amenyimwa viza kwa sababu mie naishi Mombasa?

Shangazi shikamoo. Majibu yako nimeyasoma muda mrefu na sikufikiria siku moja nitaandika mie, lakini wiki tatu sasa silali vizuri na hapa nyumbani hatuongei isipokuwa jambo hili moja tu, basi nikaona bora nikueleze tangu mwanzo uniambie nimekosea wapi.

Mie nimezaliwa Mombasa, mama akanichukua kwenda Columbus, Ohio nikiwa na miaka 12, nikasoma huko, uraia nikaupata kupitia kwake, nikawa nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Januari 2020 nyanya yangu akapata kiharusi huku Mombasa, mama hakuweza kuacha kazi kwa hivyo nikaja mie. Niliomba ruhusa ya miezi mitatu, nikaja na sanduku moja, nguo zote za baridi nikaziacha kwa mama. Machi korona ikaingia ndege zikasimamishwa, Agosti zikafunguliwa lakini nyanya alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, nikasema ningoje kidogo, na kile kidogo ndio mpaka leo. Desemba 2021 nikaolewa, kwa Kadhi, na kijana wa Likoni, fundi wa magari, mtu mwema sana Shangazi, ndiye anayembeba nyanya kila jioni kumtoa barazani apate upepo. Tuna mtoto wa kike wa miaka miwili, tulimwandikisha ubalozini, ana pasipoti ya Marekani na namba yake ya soshal sekyuriti.

2023 nikapeleka ombi la mume, ile I-130, likakubaliwa, kesi ikaenda kile kituo cha viza tukalipa dola 325 na zile 120 za fomu ya sponsa. Mie napokea wageni kwenye gesti moja huko Nyali, napata shilingi 45,000 kwa mwezi, kwa hivyo tulijua mshahara wangu hautoshi. Kaka yangu aliyeko Columbus akakubali kuwa sponsa mwenza. Yeye ana mke na watoto wawili na kazi nzuri, alitoa kila kitu bila kulalamika, ritani za kodi, barua ya kazi, stabu za mshahara. Mie nikajaza I-864 yangu, ndiyo hiyo fomu ya sponsa, yeye akajaza yake, na kila tuliyemuuliza alisema mkishapata sponsa mwenza mwenye pesa mmemaliza.

Siku ya intavyuu mume akapanda SGR mpaka Nairobi, asubuhi akaenda Gigiri. Anasema afisa alikuwa mpole, akatazama picha za harusi, akauliza habari za mtoto, alafu akauliza mkeo anaishi wapi. Mume akasema naishi naye Kisauni. Tangu lini? Tangu 2020. Atarudi Marekani lini? Akasema nikipata viza tutapanga. Basi, afisa akaandika kitu kwenye kompyuta akampa karatasi, imeandikwa 221(g), na alama imetiwa kwenye mstari mmoja tu, kwamba sponsa alete ushahidi wa domisili Marekani. Mapato hayakuguswa.

Nikaifungua fomu yangu niliyoiskani. Kuna pahali panauliza nchi yako ya domisili, na mie kwa mkono wangu niliandika Kenya. Niliandika hivyo kwa sababu naishi Kenya, sikujua kuna maana nyingine.

Sasa kila mtu ana lake. Rafiki yangu ananambia peleka anwani ya mama useme hukuwahi kuhama, huku ulikuja kutembea tu. Mwengine ati kaka aandike barua kali aseme atagharamia kila kitu. Mwengine anasema lazima niende nikaishi Marekani mwaka mzima kwanza ndio nihesabiwe. Na nikwambie jengine ambalo sijamwambia mtu, tangu nije huku sijafaili ritani hata moja ya Marekani, nilidhani ukiwa huna kazi kule huhitaji.

Mume anajilaumu, anasema ningejibu vizuri tungekuwa tushapata. Na nyanya Shangazi, hawezi kusema vizuri lakini anaelewa kila neno, na nilimwahidi sitamwacha. Akisikia tunaongea habari za viza anafumba macho. Nifanye nini?

Mwenye sanduku moja, Kisauni

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla ya yote mwambie mumeo aache kujilaumu. Aliulizwa mkeo anaishi wapi akasema ukweli, na ukweli ule utakusaidieni kuliko unavyodhani, kwa sababu afisa sasa anajua yule mtu hadanganyi, na hiyo karatasi mliyopewa haikusema ndoa yenu ina mashaka wala haikusema nyinyi si watu wema, imesema kitu kimoja tu na kitu hicho kinarekebishika. Hakuna aliyefunga mlango. Mna mwaka mmoja tangu siku ile ya intavyuu kupeleka kilichotakiwa, mkiuacha mwaka upite kimya ndio kesi inakufa na mnaanza kulipa upya. Kwa hivyo andika ile tarehe kwenye kalenda ya ukutani, leo.

Sasa tuje kwa neno lenyewe. Domisili kwa sheria yao ya sponsa ni pale yalipo makao yako makuu Marekani, pamoja na nia ya kuendelea kuwa nayo. Uraia peke yake hautoshi. Unaweza kuwa na pasipoti ya bluu miaka 30 na ukawa huna domisili kule, na fomu ya I-864 haimkubali sponsa asiye na domisili Marekani au kwenye maeneo yake. Sababu yao ni kwamba ile fomu ni mkataba, wewe unaahidi kwamba huyu mtu akija hatakuwa mzigo kwa serikali, na wanataka mtoa ahadi awe pale pale ambapo wanaweza kumpata.

Na hapo ndipo wengi wanapoanguka, tena naumia kila nikisoma barua kama yako kwa sababu ushauri mliopewa ndio ule ule watu wanapeana kila siku. Sponsa mwenza anaziba pengo la pesa tu, pengo la domisili hawezi kuliziba. Wewe ndiye uliyepeleka ombi, kwa hivyo lazima wewe mwenyewe kwanza ufae kuwa sponsa, uwe na domisili, ujaze fomu yako hata kama mapato yako ni sifuri, alafu ndio kaka anasimama nyuma yako. Wewe ukikosa domisili, fomu ya kaka haina pa kusimama hata awe milionea. Kwa hivyo ile barua kali ya kaka msijisumbue nayo. Alichofanya kaka yako ni sawa na kinahitajika, kwa viwango vya 2025 nyumba yako ya watu watatu ingehitaji dola 33,312 kwa mwaka, na ya kaka, yeye na mke na watoto wawili na mumeo wa tano, ni 47,062, na kwa kuwa afisa hakutia alama kwenye mapato inaonekana hapo mko salama. Mshahara wako wa Nyali kwenye hesabu hii hauingii, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu ukihama utakoma, wao wanahesabu mapato yatakayoendelea baada ya kuhama. Kaka naye aelewe alichosaini, manake ahadi ile haivunjwi na talaka, inakwenda mpaka mumeo apate uraia, au awe na robo 40 za kazi ambazo ni kama miaka 10 hivi, au aache ukaazi aondoke moja kwa moja, au afe. Mwambieni waziwazi kama bado hamjamwambia.

Haya, raia anayeishi nje anaweza kuthibitisha domisili kwa njia ngapi? Kuna wale walioajiriwa nje na serikali ya Marekani, au kampuni ya Marekani ya biashara za nje, au taasisi zao za utafiti zinazotambuliwa, wamishonari, na watu wa mashirika ya kimataifa, hao wana mlango wao na wewe si miongoni mwao. Kuna anayesema niko nje kwa muda tu, makao yangu kule sikuyaacha. Nimeifikiria hii kwa ajili yako kwa sababu ya lile sanduku moja na nguo za baridi zilizobaki kwa mama, na ni kweli hivyo ndivyo ulivyokuja. Lakini mwanangu, tangu hapo umeolewa, umepanga nyumba, umepata kazi, umezaa, miaka zaidi ya mitano imepita. Ukimwambia afisa wewe ni mgeni wa muda atakuuliza muda gani huo, na hapo utakuwa unabishana badala ya kuthibitisha. Historia ile ieleze kwenye barua yako kwa mistari miwili, lakini usiitegemee.

Njia yako ni ile nyingine, kwamba unarudi. Sheria inakubali kabisa mtu ambaye leo hana domisili lakini ameshaanza kuirudisha na atakuwa nayo siku mumeo anapoingia. Si lazima uwe umetangulia. Mnaweza kushuka ndege moja. Kisichokubalika ni yeye aende kwanza alafu wewe ufuate baadae. Na hakuna sheria ya mwaka mzima, aliyekwambia hivyo amechanganya mambo, wala hakuna idadi ya miezi iliyowekwa. Kipimo chao ni mizani kuelemea upande wako, afisa akiangalia makaratasi aone kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba huyu mtu kweli anarudi kuliko kwamba harudi. Maneno "nikipata viza tutapanga" yanaelemea upande wa pili, ndio maana mkapewa karatasi. Afisa anatafuta kitu ambacho umeshakifanya, chenye tarehe.

Na lile la kusema hukuwahi kuhama, kutumia anwani ya mama kama vile unaishi pale, naomba usilifanye. Ile fomu unaisaini chini ya kiapo. Mumeo ameshasema dirishani kwamba mnaishi Kisauni, wameshaandika. Ukileta karatasi inayosema kinyume, tatizo litahama kutoka domisili kwenda uongo, na mtu akionekana amedanganya kwa kusudi ili apate viza anaweza kufungiwa maisha yake yote, na huko kujitoa ni kazi kubwa kweli. Anwani ya mama ina matumizi yake ya halali, subiri nafika.

Mie yalinipata haya haya 2012 nikiwa Malindi na marehemu mume wangu, na ninakumbuka faili nililompa lilikuwa nene hivi, nimejaza picha, nimejaza barua za jamaa wanasema mie ni mtu mwema. Alivyonisimulia ni kwamba afisa alifunua funua akaenda moja kwa moja kwenye karatasi moja nyembamba, barua ya shule ya Minneapolis inayosema mwanangu ana nafasi ya darasa la tatu kuanzia Septemba, jina lake, tarehe, sahihi ya ofisi ya shule. Akaisoma mara mbili. Akauliza na mkeo atakaa wapi, mume akamwonyesha mkataba wa nyumba wa dada yangu na barua yake ya kutukaribisha. Yale mengine hakuyagusa. Ndio nakwambia usihangaike na unene wa faili.

Kwa hivyo anza na pa kukaa. Mama yako aandike barua fupi kwamba wewe, mumeo na mtoto mtaishi kwake kuanzia mwezi fulani, chumba kipo, na aambatishe mkataba wake wa nyumba au hati ya umiliki na bili moja ya karibuni yenye jina lake. Kama amepanga, amuulize kwanza mwenye nyumba kama anaruhusu watu watatu kuongezeka, manake barua ya mwenye nyumba ya kusema sawa ina nguvu sana, na akikataa ni bora mjue sasa kuliko mkiwa na masanduku mlangoni. Kama barua zako za benki zilikuwa zinaenda kwa mama miaka yote hii, akusanye bahasha alizohifadhi, zipige picha.

Alafu kazi. Wewe una kazi mkononi, hiyo ya kuhudumia wazee, na nyumba za wazee kule huwa zinatafuta watu. Lakini angalia, kwa utaratibu wao mtu akipitisha miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, sharti apite upya mafunzo au mtihani, na wewe umeshapitisha. Usilione hilo kama balaa. Waandikie wanaosimamia mtihani Ohio uulize utaratibu, ujiandikishe, na ile imeili ya kukubaliwa ni ushahidi mzuri kuliko kiapo, inaonyesha mtu anayejiandaa kufanya kazi pahali fulani mwezi fulani. Mwandikie na mwajiri wako wa zamani. Hata asipokupa barua ya kazi, mawasiliano ya kutafuta kazi yanahesabika, yahifadhi yote PDF. Na mtoto, mama aulize chekechea ya karibu, waandikishe jina, karatasi ya foleni yenye jina la mtoto inatosha.

Benki nayo. Kama akaunti yako ya Columbus bado iko hai iamshe, tuma hata dola 50 kila mwezi, stetimenti ionyeshe pesa zinaingia kutoka Kenya. Kufungua akaunti mpya ukiwa huku ni shida kwa hivyo ile ya zamani ichunge. Kura pia inahesabika, na hapa kuna kitu kidogo nataka uangalie kwa macho yako. Ile fomu ya raia walioko nje ya kuomba karatasi ya kura ina visanduku, kimoja kinasema niko nje na ninakusudia kurudi, kingine kinasema sina uhakika kama nitarudi. Watu wanatia tiki yoyote waendelee. Kama ulishawahi kuijaza tafuta nakala yako uone ulitia wapi, na kama hujawahi, ijaze sasa kwa ukweli wa sasa.

Ritani. Hapa nataka utulie, usiogope, lakini pia usicheleweshe. Raia wa Marekani anafaili popote alipo duniani, na wewe ukiwa umeolewa na mtu asiye raia wala mkaazi na ukafaili peke yako kama mtu wa ndoa, kiwango cha kutakiwa kufaili ni dola 5. Ndio, tano. Kwa hivyo mshahara wa Nyali ulitakiwa kuonekana. Lakini kufaili si kulipa, shilingi 45,000 kwa mwezi ni kama dola elfu nne na kidogo kwa mwaka, kodi yake ni sifuri. Kuna utaratibu maalum wa raia walioko nje ambao hawakufaili kwa kutojua, wanafaili ritani za miaka mitatu ya nyuma, na kama akaunti zako zote za nje zikijumlishwa ziliwahi kupita dola 10,000 kuna ripoti za benki za miaka sita, wewe nadhani hujafika huko. Pale panapotaka namba ya soshal sekyuriti ya mume ambaye hana, unaandika NRA, yaani mgeni asiye mkaazi, usikwame hapo. I-864 inataka ritani ya mwaka wa karibuni, na mtu ambaye anasema narudi nyumbani huku hajafaili miaka mitano anajipinga mwenyewe. Tafuta mtu wa kodi anayezijua hizi za nje, mlipe, maliza.

Upande wa Kenya nao unasema. Notisi kwa mwenye nyumba, barua ya kuacha kazi yenye tarehe ya mbele, bei uliyoulizia ya kusafirisha mizigo. Lakini nakusihi msiuze vitu vya fundi, msivunje nyumba, msinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti. Ubalozi wenyewe unasema hivyo kwa kila mtu. Buking ya kushikilia inatosha. Nimeona familia imeuza mpaka fanicha, viza ikachelewa miezi, wakalala sakafuni kwa jamaa.

Sasa fomu yenyewe. Jaza I-864 mpya, toleo la sasa, usikwangue ile ya zamani. Anwani ya barua ni ya mama, hapo ndipo matumizi yake ya halali. Anwani ya unapoishi ni Kisauni, kweli tupu. Nchi ya domisili, ukishachukua hizo hatua na nia ikawa ya kweli, andika Marekani, na uambatishe barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kwa nini. Iandike kwa Kiingereza chepesi, kwa mpangilio huu: Nilikuja Kenya Januari 2020 kumuuguza nyanya yangu. Niliolewa Desemba 2021. Mwanzo niliandika Kenya kwenye fomu kwa kuwa ndiko ninakoishi leo, sikuielewa maana ya neno. Ninarudi Columbus mwezi fulani pamoja na mume wangu na binti yangu. Tutakaa kwa mama, barua na mkataba ni kiambatisho cha kwanza. Nimejiandikisha mtihani wa kazi yangu tarehe fulani, kiambatisho cha pili. Na kuendelea. Kila sentensi iwe na karatasi nyuma yake, ambayo haina karatasi iache. Alafu peleka kwa njia iliyoandikwa kwenye ile 221(g), si kwa njia aliyotumia jirani. Na angalieni tarehe ya vipimo vya afya vya mume, havizidi miezi sita na viza inafuata hapo hapo, vikiisha atarudia na kulipa tena, kwa hivyo pangeni kupeleka yote pamoja.

Ikiwa mnaweza kuvumilia kuishi mbalimbali kwa muda, kuna njia ya mkato nayo ni wewe kutangulia na mtoto. Ukiwa umeshafika Columbus, unaishi kwa mama, una laiseni na stabu moja ya mshahara, hakuna afisa atakayeuliza domisili yako iko wapi. Ni nzito kwa ndoa na ni nzito zaidi kwa nyanya, sikulazimishi, lakini mkipeleka makaratasi mkaambiwa bado hayatoshi basi hiyo ndiyo itakayobaki.

Na sasa nyanya. Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo kubwa. Ukisoma barua yako utaona afisa alimuuliza mumeo mtarudi lini, na nyanya anakuuliza swali hilo hilo kila anapofumba macho, na hakuna kati yao uliyemjibu bado. Nia ya kurudi haiwezi kuwa kwenye karatasi peke yake wakati moyoni umeahidi kubaki. Kama ukweli ni kwamba huondoki maadamu nyanya yu hai, basi usisaini, mwanangu, kaa naye, hakuna aibu, ndoa yenu ni halali na I-130 unaweza kupeleka nyingine siku ya mbele, utapoteza pesa na muda lakini hutakuwa umeapa kitu usichokikusudia. Mie siwezi kukuchagulia hilo, na mama yako pia hawezi.

Lakini nakuomba uulize mambo mawili kabla ya kuamua. Mama yako hajaja tangu 2020 au amekuja? Ni mamake yeye yule, na ninyi mkienda anaweza kuja kushika zamu japo kwa miezi, au apange pesa za mtu wa kumhudumia hapo hapo Kisauni kwenye nyumba aliyoizoea, na baraza lile lile. Hilo muongee kwa simu wewe na yeye, bila kaka, bila mume. Na la pili, muulize nyanya mwenyewe. Umesema anaelewa kila neno. Basi acheni kuongea habari za viza pembeni yake kama vile hayupo. Kaa naye jioni mumeo akishamtoa barazani, mshike mkono, mweleze hatua zote, mwezi gani, nani atabaki naye, nani atampigia simu kila siku, alafu umngoje. Anaweza kukubana mkono, anaweza kutikisa kichwa. Hata ikichukua jioni tatu. Umpe nafasi hiyo kabla hujamwomba mama ile barua ya nyumba, na jibu lake uniandikie.

Shangazi